Namna ya Kuendesha Nyumba ya Ushirika ili Wakazi Wake Wadumu

Nyumba ninayoishi hapa Dar es Salaam ni ya mtindo uliozoeleka katika mitaa yetu: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani kuna jiko, bafu, vyoo na kamba za kuanikia nguo. Tunatofautiana na majirani kwa jambo moja. Wao wamepangishwa chumba kimoja kimoja, na kila mmoja ana makubaliano yake na mwenye nyumba; sisi watu tisa tumeikodi nyumba nzima kwa mkataba mmoja, tunachangia kodi, umeme, maji, gesi na chakula cha jioni, na hakuna mwenye nyumba wala msimamizi anayekaa humu kuamua nani apike saa ngapi. Tunaamua wenyewe. Vijana wanaotaka kuanzisha nyumba ya namna hii huniuliza waanze na nini, nami huwaambia waanze na daftari la hesabu na orodha ya majukumu, kabla hata ya kuhamisha vitanda.

Ninasema hivyo kwa sababu nimeona kwamba watu wanaoishi pamoja hugombana zaidi juu ya kazi ambazo hakuna aliyekabidhiwa na hesabu ambazo hakuna aliyeonyeshwa. Kwa hiyo kila jukumu liwe na mtu anayeliwajibikia kwa jina, mtu huyo awe na tarehe inayojulikana ya kulikabidhi kwa mwenzake, na kila shilingi inayoingia na kutoka ionekane kwa wote. Mafundi na wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao la ushirika mwaka 1844, walijiwekea kanuni kwamba kila mwanachama ana kura moja na hesabu husomwa mbele ya wote. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walioungana katika chama cha ushirika cha KNCU tangu mwaka 1933 walijenga chama chao juu ya misingi hiyo hiyo, na sioni kwa nini nyumba ya vyumba sita isiongozwe kwa misingi iliyoongoza chama cha wakulima wengi kiasi kile.

Nianze na kodi ya pango. Wenye nyumba wengi wa jiji hili hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye hutaka kodi ya mwezi mmoja juu yake. Mtu anapata mshahara wa mwezi lakini anadaiwa wa nusu mwaka, na hapo ndipo makundi mengi huvunjika: watano wanazo fedha, wanne hawana, na mwenye nyumba hapokei nusu. Dawa yake ni kwamba mara tu mnapomaliza kulipa kodi ya kwanza, kila mkazi aanze kuweka sehemu yake ya mwezi katika mfuko wa nyumba, bila kusubiri tarehe ya kulipa ikaribie. Mfuko huo usishikwe na mtu mmoja. Wanachama wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, hufunga sanduku lao kwa kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti, na hakuna anayejiona ametukanwa kwa kutopewa funguo zote. Akaunti ya benki yenye watia saini watatu inafanya kazi hiyo hiyo, na kampuni za simu nazo zina huduma za vikundi zinazotaka zaidi ya mtu mmoja aidhinishe kabla fedha haijatoka.

Bei za vyumba zipangwe kabla watu hawajachagua watakapolala. Chumba cha mbele chenye madirisha mawili hakiwezi kuwa sawa na kile kinachopakana na choo, na mkishagawana vyumba kwanza kila mtu atakuwa wakili wa chumba chake. Kaeni pamoja, andikeni bei ya kila chumba hadi jumla ifikie kodi yote, kisha endeleeni kupandisha hapa na kushusha pale mpaka kila mmoja aweze kusema kwa dhati kwamba angekubali chumba chochote kati ya hivyo kwa bei iliyoandikwa. Baada ya hapo ndipo mchague. Majina ya wote yaingie kwenye mkataba na wote watie saini, kwa kuwa mkataba ulio kwa jina la mtu mmoja humfanya huyo kuwa mwenye nyumba mdogo, hata kama hakutaka, na siku akihama wengine hubaki bila haki.

Sasa umeme, na hapa nitakaa kidogo, kwa maana sijaona jambo linalochosha nyumba za pamoja kuliko LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Mita ni moja, vyumba ni sita, na umeme hukatika usiku wa manane mechi ikiendelea au mtu akiwa na kazi ya kuwasilisha asubuhi. Kila mtu anaamini kwamba yeye ndiye anayenunua mara nyingi kuliko wengine na kwamba yuko mwingine anayeutumia vibaya. Imani hizo huondoka kwa hesabu. Nyumba kama yetu, ambayo kwa mwezi hutumia zaidi ya uniti 75, haimo katika kundi la watumiaji wadogo wa shirika la umeme, TANESCO. Tulipopiga hesabu, uniti moja tuliuziwa shilingi 292, na ukijumlisha kodi ya ongezeko la thamani iliyokuwa asilimia 18, tozo ya asilimia 3 ya REA, wakala wa umeme vijijini, na ya asilimia 1 ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilifika shilingi 356 hivi. Ndiyo maana shilingi 10,000 zilitupa uniti 28 na sehemu kidogo.

Chukua basi vifaa vyenu kimoja kimoja, soma wati zilizoandikwa kwenye kibati chake, zidisha kwa saa, gawanya kwa 1,000, ndipo upate uniti. Pasi ya wati 1,200 ikiwaka mfululizo nusu saa hula uniti 0.6, yaani kama shilingi 214 kwa bei hiyo. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi za usiku hula uniti hizo hizo 0.6. Kwa muda mrefu dada mmoja wa nyumba hii, ambaye kazi yake inamtaka avae sare iliyonyooka kila siku, alikuwa akinung'unikiwa kwa pasi na watu waliolala na feni hadi asubuhi. Alipoandika hesabu hizo mbili kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya mita, manung'uniko yalikoma siku hiyo. Mlaji wa kweli alikuwa jiko la koili la wati 1,500 lililochemsha maharage saa mbili, kwa maana hapo zimekwenda uniti tatu, zaidi ya shilingi 1,000 kwa sufuria moja. Tangu hapo maharage hulowekwa usiku na kupikwa kwa gesi.

Mgawanyo wetu wa umeme una sehemu mbili. Taa za korido na uani, friji ya pamoja na pampu ya maji hugawanywa sawa kwa kila kichwa. Vyumba vina mita ndogo za ndani, wengi huziita sabmita, ambazo fundi umeme mwenye leseni huzifunga kwa gharama inayovumilika mkichanga, nazo husomwa jioni ya tarehe ya mwisho ya mwezi mbele ya watu wawili. Kama hamna uwezo wa kuzifunga, gawaneni sawa kwa vichwa na mwenye friji yake chumbani aongeze kiasi mlichokubaliana. Kugawana kwa vyumba si haki, kwa kuwa chumba cha watu wawili hakitumii sawa na cha mtu mmoja.

Lipo jambo ambalo wapangaji wengi hulipita bila kuliangalia. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, kwa kiwango cha kila mwezi, na anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi ndiye anayeona fedha yake imepungua. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Hifadhini ujumbe wote wa manunuzi, jumlisheni makato hayo, na muweke katika mkataba wenyewe kwamba yatapunguzwa kwenye kodi ya pango inayofuata. Mwenye nyumba mwema hakatai jambo lililoandikwa tangu mwanzo. Aliyeshtukizwa baada ya mwaka anayo sababu ya kukasirika.

Maji yanagawanywa kwa kichwa, na bili ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ibandikwe ukutani ilivyo, kwa kuwa uniti yake moja ni lita 1,000 na kila mtu anaweza kuihakiki kwa kusoma mita. Fanyeni pia hesabu ya akiba. Watu tisa wakitumia ndoo mbili na nusu za lita 20 kila mmoja kwa siku, ni lita 450, na tangi la lita 2,000 litawafikisha siku nne na kidogo. Mwishoni mwa mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgao, nyumba nyingi zilikuwa zikinunua maji ya boza kwa bei ya muuzaji. Tangi la pili, hata dogo, lisifunguliwe ila siku ya shida, na maji yake yatolewe na kubadilishwa kwa ratiba ili yasikae hadi yakaoza.

Chakula cha pamoja ndicho kinachotufanya tuwe nyumba, na ningependa kila kundi liwe na mlo mmoja wa pamoja hata kama ni mara mbili kwa wiki. Mchele, maharage na unga tunanunua soko la Tandale mara moja kwa mwezi, kwa bei ya jumla, watu wawili wakienda pamoja na risiti ikirudi siku hiyo hiyo. Mboga, nyanya na dagaa hununuliwa na mpishi wa zamu kwa kiasi kilichopangwa. Karibu na jiko kuna karatasi yenye vipimo: mchele kilo moja na robo kwa watu tisa, maharage nusu kilo, mafuta vijiko vingapi. Vipimo hivyo vinamlinda mpishi asiambiwe kwamba amepika kwa uchoyo, na vinaulinda mfuko dhidi ya sufuria zinazobaki nusu hadi asubuhi.

Mtungi wa gesi wa kilo 15 uandikwe tarehe uliyofungwa, kwa wino usiofutika, kwenye kipande cha plasta kilichobandikwa shingoni. Mkitaka kujua kilichobaki, mwageni maji ya moto ubavuni mwa mtungi kisha mpitishe kiganja kutoka juu kwenda chini. Panapobadilika ghafla kuwa baridi ndipo gesi ilipo. Mtungi mdogo wa kilo 6 uwepo wa akiba. Anayefunga mtungi mpya apakae povu la sabuni kwenye maungio na kutazama kama linatoa mapovu kabla hajawasha kiberiti, na hili lisiachwe kwa hiari ya mtu.

Katika nyumba zetu Waislamu na Wakristo wanapika jiko moja, na heshima katika jambo hili inataka maneno ya wazi. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, hakiingii katika sufuria wala friji ya pamoja. Anayetaka kula, anakula nje. Ramadhani inapoingia zamu za kupika hupangwa upya ili futari iwe tayari magharibi, wasiofunga wakichukua zamu za mchana za usafi, na wanaoamka kula daku wakitumia taa ya uani badala ya kuwasha korido nzima. Kipindi cha Kwaresima nacho kinazingatiwa. Hatujawahi kulipigia kura jambo la imani, na sidhani linafaa kupigiwa kura. Linazungumzwa hadi kila mmoja aridhike.

Kazi za nyumba ni somo gumu kuliko fedha. Fedha inahesabika, lakini uchovu haujioneshi. Nyumba za ushirika za wanafunzi wa Berkeley, California, ambazo zimekuwapo tangu mwaka 1933, hupima mchango wa kazi kwa saa, na kawaida yao ni saa tano kwa wiki kwa kila mkazi. Mtu anaweza kuosha vyombo, mwingine akatunza bustani, lakini saa ni saa. Nimelipenda wazo hilo kwa sababu linaondoa ubishi wa kazi ipi ni kubwa. Hapa kwetu tulipima kila kazi kwa saa ya mkononi: kusugua vyoo na bafu dakika arobaini, kufagia na kupiga deki korido dakika ishirini, kutoa taka na kusubiri gari lake asubuhi dakika kumi na tano. Kisha zamu zikagawanywa ili jumla ya dakika za kila mtu kwa wiki zilingane.

Katika hesabu hiyo lazima ziingie kazi ambazo hazionekani. Kumtafuta fundi bomba, kumpigia simu mara nne, kumngoja Jumamosi nzima na kusimama naye hadi amalize ni kazi, tena kubwa. Kufuatilia bili yenye makosa ofisini ni kazi. Kukumbuka kwamba sabuni imekwisha ni kazi. Katika makundi mengi niliyoyaona kazi hizi huangukia mabega ya mwanamke mmoja mwenye moyo wa kujali, na wengine huziona kama tabia yake, hadi siku anapofunga virago na nyumba nzima inasimama. Ziandikeni. Mtu aliyemngoja fundi saa tatu asipangiwe choo wiki hiyo.

Kuhusu aliyekosa zamu, wengi huweka faini ya fedha kama ilivyo kwenye VICOBA. Mimi siiungi mkono ndani ya nyumba. Mwenye kipato kikubwa ataona elfu tano ni bei nafuu ya kutosugua choo, na mwenye mshahara mdogo ataumizwa na elfu tano hiyo hiyo kwa kosa la mara moja. Kazi ilipwe kwa kazi: aliyekosa zamu wiki hii anachukua yake na ya yule aliyemshikia wiki inayofuata, na deni hilo linaandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe. Mgonjwa, aliyefiwa na mama aliyejifungua hawadaiwi kitu.

Vikao vyetu ni kimoja kwa mwezi, Jumapili baada ya chakula cha mchana, na hakizidi saa moja na nusu. Hesabu husomwa kwanza, kabla watu hawajachoka na kabla malalamiko hayajaanza. Ajenda huandikwa wiki nzima kwenye ukurasa wa daftari linaloning'inia mlangoni mwa jiko, na lisiloandikwa humo husubiri kikao kijacho isipokuwa ni la dharura. Kundi la WhatsApp tumelibakizia namba za LUKU na taarifa fupi tu, kwa maana lawama iliyoandikwa usiku kwa watu tisa haifutiki hata ikifutwa. Mwenyekiti, mweka hazina na msimamizi wa jiko hushika nafasi zao kwa miezi sita, sawa na mzunguko wa kodi, na mweka hazina anayeondoka hukaguliwa na watu wawili ambao hawakuwa viongozi. Msimamizi anaweza kutumia hadi shilingi 30,000 bila kuuliza. Zaidi ya hapo anamwuliza mwenyekiti na mweka hazina. Matumizi makubwa husubiri kikao. Viwango hivyo mtavipanga kulingana na mifuko yenu, lakini viwepo, ili bomba linalovuja saa nne usiku lisisubiri kura.

Si kila jambo linafaa kuamuliwa na wengi. Rangi ya korido au siku ya kufua inaweza kupigiwa kura. Kubadilisha mgao wa kodi, kumpokea mkazi mpya au kuleta mfugo ndani kunahitaji ridhaa ya wote, kwa kuwa aliyeshindwa kwa kura katika mambo hayo bado atalala humo.

Wageni tumewawekea kanuni tuliyoipata kwa wazee wetu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku mbili za kwanza ni za nyumba nzima na anakaribishwa mezani bila hesabu. Kuanzia ya tatu mwenyeji wake anamlipia maji na chakula, na akipitisha wiki mbili jambo lake linaletwa kikaoni. Mwenyekiti wa mtaa naye apewe orodha ya wakazi na ataarifiwe anapoongezeka mtu. Nyumba inayojulikana serikali ya mtaa hupata msaada haraka siku ya mwizi au moto.

Ugomvi ukitokea, wawili wanaohusika wazungumze kwanza peke yao, kisha mbele ya mkazi mmoja wanayemheshimu wote, na kikao kiwe hatua ya tatu. Mjumbe wa shina huitwa mambo yakishindikana kabisa, na mara nyingi watu wakikumbuka kwamba watalazimika kumweleza mzee wa watu habari ya sufuria iliyoungua, wanapatana.

Kundi likitaka kuvuka hatua ya kukodi na kununua nyumba au kiwanja kwa pamoja, hapo makubaliano ya daftarini hayatoshi. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 ndiyo inayoongoza usajili, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na afisa ushirika wa halmashauri ndiye mtu wa kumwona kwanza, kabla hamjachanga hata shilingi ya kwanza ya kiwanja.

Mwisho ni kuhama, na utaratibu wake uandikwe siku mnayohamia, wakati ambapo hakuna anayefikiria kuondoka. Kwetu anayehama hutoa taarifa ya mwezi mmoja na kusaidia kutafuta mrithi wake. Akiba yake katika mfuko wa kodi ni mali yake na hurudishwa yote. Mchango wake kwenye friji, tangi na mitungi hupunguzwa kidogo kila mwaka kwa ajili ya uchakavu, na kinacholipwa hutoka kwa mkazi mpya anayerithi nafasi hiyo. Siku ya kutoka sabmita ya chumba husomwa, ukuta na kitasa vinaangaliwa kwa kulinganisha na picha zilizopigwa alipoingia, ufunguo unakabidhiwa mbele ya watu wawili, na salio lake linatumwa kabla mwezi unaofuata haujaisha.